Wanawake waliogombea urais, na ngazi ambayo haijafika Mabalako

Kwenye uchaguzi wa rais wa mwaka 2018 kulikuwa majina 21. Ishirini yalikuwa ya wanaume, moja la mwanamke: Marie-Josée Ifoku Mputa. Mpiga kura wa Kinshasa, wa Kisangani ao wa Goma alikuta sura yake kwenye kioo cha mashine ya kura, katikati ya zile za wanaume, akagusa ao akapita. Mpiga kura wa Beni na wa Butembo hakupata nafasi ya kugusa wala ya kupita. Tarehe 26 Desemba, siku nne tu mbele ya kura, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba mji wa Beni, eneo la Beni, mji wa Butembo, pamoja na Yumbi kule magharibi ya inchi, watangoja hadi Machi 2019. Sababu iliyotolewa kwa upande wa huku ilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Watu zaidi ya milioni moja wakabaki na kadi mfukoni. Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, na kura ya Machi ikabaki ya wabunge peke yake.

Wakaaji wa Mabalako wanajua vizuri namna jina la kwao liliingia katika hadithi hiyo. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako, ukaenda Beni, Butembo, Katwa na kwingineko, na haukutangazwa kwisha hadi 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Kati ya walioambukizwa wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na hakuna aliyehitaji mtaalamu kumweleza kwa nini: mgonjwa akilala nyumbani, anayemwosha ni mama, dada ao binti.

Tarehe 30 Desemba, wakati inchi yote inapiga kura, watu wa Beni walipanga mistari yao wenyewe na kufanya uchaguzi wa kuonyesha hasira, wakinawa mikono kabla ya kupiga kura kusudi mtu asiseme Ebola ndiyo inawazuia. Wanawake walikuwa kwenye mistari hiyo. Kura zao hazikuhesabiwa popote.

Kwa hiyo swali la wanawake wanaogombea kiti cha juu si pambo la hotuba za 8 Machi, siku ambayo mara nyingi kitenge hudumu kuliko maneno yaliyosemwa. Hapa linauliza jambo la kweli: mwanamke akisimama kule juu kabisa kuomba urais, mama wa Mabalako, mwenye shamba la kakao asilofika juu ya vita, anapata nini? Jibu linatafutwa katika historia ndefu kidogo kuliko mwaka 2018.

Mei 1960, uchaguzi wa kwanza wa taifa, karatasi ya kura ilikuwa ya wanaume tu. Mwanamke wa Kongo alisherehekea uhuru ambao hakuupigia kura. Hii haikumaanisha kwamba wanawake walikaa kimya. Andrée Blouin, mzaliwa wa Oubangui, alizunguka vijijini akiwaandikisha akina mama kwa ajili ya chama cha PSA, kisha akawa mkuu wa itifaki wa Patrice Lumumba. Kazi ya kukusanya watu alipewa, kura, hapana. Mwaka 1966 Sophie Kanza, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza masomo kwenye chuo kikuu cha Lovanium, aliitwa kuwa waziri wa mambo ya jamii akiwa na miaka 26. Haki ya kupiga kura kwa wanawake iliandikwa mwaka uliofuata, 1967, na ile ya kuchaguliwa ikaja 1970. Yaani inchi ilipata waziri mwanamke kabla ya kupata mpiga kura mwanamke. Tabia hiyo ya kuanza na paa haijaondoka hadi leo.

Miaka ya Mobutu iliendelea na njia ileile. Wanawake walipanda, wengine sana. Catherine Nzuzi wa Mbombo alipitia vyeo vya MPR hadi kuwa gavana. Lakini walipanda kwa kuitwa, na kwenye urais kulikuwa jina moja tu la kuchagua, mwaka 1970, 1977 na 1984. Tofauti ya kuteuliwa na kugombea inafaa kuwekwa wazi mapema, kwa sababu watu huzichanganya. Aliyeteuliwa anamshukuru aliyemteua. Anayegombea anasimama mbele ya watu wasiomjua na kuwaambia: mnaweza kunikataa. Ni hapo mwanamke mwingine, aliyesimama nyuma kabisa na mtoto mgongoni, anaanza kupima: kumbe hata mimi ninaweza kusema mbele ya watu.

Hata hivyo, itakuwa kuwadharau akina mama wa Kivu kusema kwamba walingoja mgombea fulani wa Kinshasa kuja kuwaamsha. Mwaka 1982, wakati Kivu ilikuwa bado moja, wanawake wa Buloho, katika eneo la Kalehe, walichoka na kodi walizotozwa kila mahali wakibeba muhogo kwenda sokoni. Kizuizi hiki, malipo. Kile, malipo tena. Na soko lenyewe, ushuru. Waliinuka pamoja wakapeleka malalamiko kwa viongozi. Hawakuwa na chama wala bendera. Yeyote anayesafirisha mzigo leo kati ya Mangina na Beni, ao kati ya Butembo na Lubero, hana haja ya kuelezwa walikuwa wanasema juu ya nini. Siasa ya wanawake wa mashariki ilianzia barabarani, na mzigo kichwani.

Halafu vita. Mazungumzo ya Sun City, 2002 na 2003, yalizaa ile serikali ya mpito iliyoitwa 1+4, rais mmoja na makamu wanne. Wote watano walikuwa wanaume. Waliokuwa na bunduki ndio waliogawana viti, na wanawake, ambao vita hiyo ilipita juu ya miili yao kuliko ya mtu mwingine yeyote, waliambiwa wangojee uchaguzi.

Uchaguzi ukaja, tarehe 30 Julai 2006. Wagombea urais walikuwa 33, na kwa mara ya kwanza wanne kati yao walikuwa wanawake: Catherine Nzuzi wa Mbombo, Justine Kasa-Vubu, Marie-Thérèse Nlandu na Wivine N'Landu. Hawakuwa watu wa namna moja. Nzuzi alikuwa ametoka katika MPR ya zamani na alikuwa waziri wakati wa mpito. Justine Kasa-Vubu ni binti wa rais wa kwanza wa inchi, na aliwahi kuwa waziri katika serikali ya Mzee Laurent-Désiré Kabila mwaka 1997. Marie-Thérèse Nlandu alikuwa wakili. Miezi michache mbele, Januari 2006, Ellen Johnson Sirleaf alikuwa ameapishwa Liberia, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais katika Afrika, na habari hiyo ilikuwa bado ya moto kwenye redio.

Huku Beni na Butembo masikio yalikuwa kwa wengine. Kulikuwa Pierre Pay-Pay, kulikuwa Antipas Mbusa Nyamwisi, watoto wa hapa, na kulikuwa Joseph Kabila, ambaye Kivu ilimpigia kura kwa wingi. Wale wanawake wanne walikuwa mbali, kila mmoja akapata chini ya 1% ya kura za inchi nzima. Kwa hesabu ya kura tu, mtu angefunga daftari hapo.

Ila kuna hesabu nyingine. Swali lililowafuata wagombea wale, na ambalo bado linamfuata kila mama anayetaka hata kusimamia kamati ya maji, ni hili: na bwana yake, amekubali? Lilikuwa na mizizi katika sheria. Kodi ya jamaa ya 1 Agosti 1987 ilimweka mume kuwa kichwa cha nyumba na kumtaka mke apate idhini yake kwa matendo ya kisheria. Sheria ya uchaguzi haikumkataza mwanamke kugombea. Nyumba ndiyo iliyoweza kumkataza. Majina manne kwenye karatasi ya kura ya 2006 yaliufanya mgongano huo uonekane wazi: Katiba mpya ya 18 Februari 2006 ilisema, katika kifungu cha 14, kwamba mwanamke na mwanaume wagawane nafasi sawasawa katika taasisi, na kumbe sheria ya nyumbani bado ilimhesabu mke kama mtu wa kuombewa ruhusa.

Na kugombea kulikuwa na bei. Marie-Thérèse Nlandu alipomaliza kampeni yake alisimama upande wa Jean-Pierre Bemba katika duru ya pili na kuwa kati ya mawakili wake mbele ya mahakama kuu. Novemba 2006 alikamatwa. Raia, wakili, mgombea urais wa miezi michache nyuma, akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Aliachiliwa huru na mahakama hiyo mwisho wa Aprili 2007, baada ya miezi mitano gerezani. Hadithi hiyo haisimuliwi sana katika semina za kuwahimiza wanawake, na hiyo ni hasara. Mtu anayehimizwa kupanda mti anastahili kuambiwa pia kwamba kuna aliyeanguka, na kwamba aliinuka.

Mwaka 2011, wagombea 11. Wanawake, sifuri.

Sifuri hiyo ina mambo ya kufundisha kuliko ile nne. Inaonyesha kwamba mfano mzuri peke yake haupandi ngazi. Dhamana ya kugombea urais ilikuwa tayari dola 50,000 mwaka 2006, fedha zisizorudishwa. Mwaka 2018 ikawa dola 100,000. Januari 2011 Katiba ilibadilishwa na duru ya pili ikaondolewa, na hapo mgombea mdogo alipoteza kitu pekee alichokuwa nacho cha kuzungumzia, yaani nafasi ya kuunga mkono mmoja wa wawili wa mwisho. Tena sheria ya uchaguzi yenyewe, katika kifungu chake cha 13, ilikuwa na ujanja wa ajabu: ilizitaka orodha za wagombea zizingatie usawa, kisha ikaongeza kwamba orodha isiyo na usawa haitakataliwa kwa sababu hiyo. Ni kama baba anayewaambia watoto wasichelewe shule, kisha anasema atakayechelewa hakuna neno. Bunge lililotoka katika uchaguzi wa 2006 lilikuwa na wanawake 42 kwenye viti 500.

Hapo ndipo akina mama wa Kivu waliingia kwa miguu yao. Mwaka 2015, vuguvugu la Rien sans les femmes, lililoota Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, lilikusanya sahihi zaidi ya 200,000 kuomba kifungu hicho cha 13 kibadilishwe. Mtu aliyewahi kukusanya sahihi hata 50 kwa ajili ya kisima anaweza kuwaza kazi ya kukusanya 200,000: kueleza, kurudia kueleza, kumtuliza bwana wa nyumba, kumwekea bibi asiyeandika alama ya kidole. Tarehe 1 Agosti 2015 sheria ya kutekeleza haki za mwanamke na usawa ilitiwa sahihi. Tarehe 15 Julai 2016 Kodi ya jamaa ilirekebishwa, na ile idhini ya mume ikaondolewa. Kifungu cha 13 kilichelewa zaidi. Sheria ya 29 Juni 2022 haikukataza orodha za wanaume watupu, ila ilisema kwamba orodha yenye nusu ya wanawake haitalipa dhamana. Vyama vilielewa haraka. Wengine waliwatafuta wanawake wa kweli, wengine waliandika majina ya kujaza karatasi, na wanawake walioandikwa hivyo walijikuta hawana hata nauli ya kwenda kwenye kampeni yao wenyewe. Bado, hatua ni hatua.

Ifoku aligombea katikati ya njia hiyo. Alikuwa ameshika uongozi katika jimbo la Tshuapa, hakuwa mtu wa kuokotwa. CENI ilikataa faili yake kwanza, Mahakama ya Katiba ikairudisha Septemba 2018. Alama yake ilikuwa ufagio, na neno lake la kampeni lilitoka katika Kilingala cha kufagia. Kuna waliocheka: mwanamke na ufagio, si ndiyo kazi yake ya kila siku? Lakini kicheko hicho kilimsaidia, maana kila mama alielewa bila kutafsiriwa. Anayefagia nyumba anajua uchafu unalala wapi. Kura zake zilikuwa chache sana. Mwaka 2023 alirudi tena, na safari hiyo hakuwa peke yake, kwa sababu Joëlle Bile naye alikuwa kwenye orodha. Nne, sifuri, moja, mbili. Namba hizo hazipandi kama ngazi. Zinayumba kama daraja la miti wakati wa mvua.

Katikati ya hapo, viti vingine vikubwa vilifunguka. Aprili 2019 Jeanine Mabunda alichaguliwa kuongoza Baraza la Wabunge, mwanamke wa kwanza, akaondolewa na kura ya wabunge Desemba 2020 wakati muungano wa Kabila na Tshisekedi ulipovunjika. Tarehe 1 Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka, mwanauchumi aliyekuwa waziri wa mpango, aliteuliwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza tangu uhuru. Serikali yake ilipita mbele ya wabunge mwezi Juni. Mwezi huohuo wa Juni, watu wa eneo la Beni, Mabalako ikiwemo, na wa Lubero walikuwa wanazika waliouawa na ADF. Furaha ya Kinshasa na kilio cha huku zilifika kwenye redio katika habari za siku moja. Mama aliyekimbia na watoto anaweza kufurahi kwamba waziri mkuu ni mwanamke na bado akauliza ni lini atalala kwake. Maswali hayo mawili hayapigani.

Sasa ngazi yenyewe. Ukivuka mto Lubiriha pale Kasindi unaingia Uganda, wilaya ya Kasese, kwa Wakonjo, ambao Kinande chao na cha huku ni ndugu. Wengi wa Beni wana mashangazi kule. Kutoka Kasese, Winnie Kiiza alifika kuwa kiongozi wa upinzani katika bunge la Uganda, 2016 hadi 2018, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Ni rahisi kusema ni kipaji chake, na kipaji alikuwa nacho. Lakini katiba ya Uganda ya 1995 inaweka kiti cha mbunge mwanamke kwa kila wilaya, na theluthi ya viti vya mabaraza ya chini kwa wanawake. Msichana wa Kasese anamwona mwanamke kwenye baraza la kijiji akiwa bado anachota maji. Akimwona mwingine bungeni, anajua njia iliyopo kati ya hao wawili.

Huku Mabalako, anaona nini? Katiba ya 2006 inataja uchaguzi wa madiwani wa komine, wa sekta na wa sheferi. Mwaka 2023 madiwani wa komine walichaguliwa kwenye miji mikuu ya majimbo tu. Beni na Butembo hawakuwamo, Mangina, komine ya kijijini, ndiyo usiseme. Tangu Katiba hiyo, hakuna mama wa hapa aliyewahi kupiga kura ya diwani, wala kuombwa kura na jirani yake anayetaka kuwa diwani. Meya anateuliwa. Mkuu wa komine anateuliwa. Tangu Mei 2021, chini ya utawala wa kijeshi ule watu huita état de siège, hata hao walioteuliwa walipisha maofisa wa jeshi na polisi. Kwa hiyo mwanamke wa Mangina akimsikia Ifoku ao Suminwa kwenye redio, anamwona mtu aliye juu ya paa, na hapa chini hakuna kipago hata kimoja cha kukanyaga. Ni hapo kosa lilipo, si katika moyo wa wanawake. Wanaosema kila mara kwamba wanawake wa huku hawajiamini wangefanya vizuri kwanza kuonyesha kiti ambacho wamekatazwa kutojiamini nacho.

Na moyo upo, kwa sababu mahali pale kura inaruhusiwa, wanaitumia. Mfano ulio karibu ni zile AVEC, vyama vya akiba na mikopo vya kijiji. Katika Beni na Butembo, na katika familia zilizohama, zimeenea, na wanachama wengi ni wanawake. Sanduku moja la chuma lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti ambao si watunzaji wa sanduku, kusudi asiwepo mtu anayeweza kulifungua peke yake. Kila mwaka, mzunguko ukiisha, fedha zinagawanywa na viongozi wanachaguliwa upya: rais, katibu, mtunza sanduku, wahesabu fedha. Mahali pengine wanapiga kura kwa jiwe, kila mgombea na mfuko wake, ili asiyejua kusoma achague sawa na aliyesoma. Rais aliyeshindwa kueleza hesabu anaanguka hapohapo, mbele ya wote, na kesho yake wanaonana kisimani.

Ukitazama vizuri, hiyo ni demokrasia iliyo kali kuliko ile ya majimbo. Ina muda wa uongozi, ina hesabu ya wazi, ina upinzani. Mama aliyeongoza AVEC miaka mitatu amekwisha kujifunza kugombea, kushinda na kushindwa. Ni akina Masika na akina Kavira wa namna hii ambao baadaye wanaonekana kwenye kamati za wakimbizi wa ndani, kwenye kamati za wazazi wa shule, kwenye mabaraza ya parokia. Nafasi hizo hazina mshahara wala gari, na labda ndiyo sababu wanaume hawazigombanii sana.

Kukosa mwanamke mwenye mamlaka mahali pa kugawa kazi kuna matokeo, na Ebola ilionyesha. Wakati wa mapambano na ugonjwa, ajira zilimwagika Beni, Butembo, Mangina: madereva, wahamasishaji, wapishi, wanaonawisha watu mikono. Waliokuwa wanaandikisha majina walikuwa wengi wao wanaume, na wanawake walitakiwa kulipa kwa miili yao. Tume huru iliyoundwa kwa ajili ya shirika la afya duniani, OMS, ilitoa ripoti Septemba 2021: watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa waliajiriwa na OMS yenyewe. Mmoja wa wenyeviti wawili wa tume hiyo alikuwa Julienne Lusenge, mwanzilishi wa SOFEPADI, shirika lililoanzia Bunia na linalofanya kazi pia Beni. Mwaka 2023 alipewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Hakuwahi kugombea urais. Alianza kama mwanahabari wa redio, akisikiliza wanawake wa vijijini. Orodha yoyote ya wanawake waliowapa wengine nguvu mashariki mwa Kongo inayomsahau kwa sababu hakushika kiti, imetungwa na mtu asiyefika huku.

Linabaki jambo la kadi, na linagusa familia zilizohama kuliko wengine. Kwa miaka mingi kadi ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho cha raia wa Kongo: bila hiyo unasumbuka kwenye vizuizi, kupata laini ya simu, kupokea fedha. Mwanamke anayekimbia usiku hubeba mtoto kwanza, sufuria pengine, kadi mara nyingi inaungua na nyumba. Na hata ikiwa salama, inamruhusu kupiga kura pale alipoandikishwa, siyo pale alipokimbilia. Tarehe 20 Desemba 2023 Beni na Butembo walipiga kura ya rais, wakiwa wamekumbuka vizuri ya 2018. Safari hiyo waliobaki nje walikuwa wa Masisi na Rutshuru, juu ya vita ya M23. Wale waliokuwa na hasira mwaka 2018 waliwaelewa bila maelezo, na baadhi ya familia hizo leo zinaishi katika nyumba za jamaa Butembo na Lubero.

Uchaguzi mwingine mkuu unangojewa 2028, na kabla yake uandikishaji. Vyama vitaanza tena kutafuta majina ya wanawake kujaza nusu ya orodha, na katika AVEC na kamati za waliohama watakuta wanawake wanaojua hesabu, wanaojua watu, na waliozoea kuulizwa maswali magumu. Mama wa Rutshuru aliye Butembo, na yule wa Mabalako aliye Beni kwa miezi ao miaka, wataandikishwa wapi, na jina lao litasomeka kwenye orodha ya kituo gani? CENI ndiyo yenye kujibu, na ni heri iulizwe sasa kuliko siku nne mbele ya kura.